Betri Ishirini na Nne za Tarbaj

Ninyi mliobaki ofisini mliniomba kitu kimoja tu siku ile niliyostaafu mkanipa zulia na birika: karatasi moja ya kubandika ukutani, inayoeleza jinsi ya kuchaji zile betri ndogo za nikeli zilizobaki kabatini. Mlisema iwe fupi. Nimekaa hapa nyumbani Galbet wiki tatu sasa, sina wa kumfokea isipokuwa kuku wa jirani, na karatasi moja haikutosha. Mkitaka kuibandika hii, tafuteni ukuta mrefu.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili meza ilibaki ileile, na feni ya chumba ikabaki haizunguki.

Niliingia katika ofisi ya mifugo ya hapa Garissa nikiwa na cheti cha elektroniki, viatu vipya, na uhakika kwamba betri nazijua. Chumba cha mawasiliano kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa za kupe. Mpaka leo, wengine wakinusa dawa ya kupe hukumbuka ng'ombe. Mimi hukumbuka kazi. Ndani yake alikuwamo Fundi Mutua, Mkamba wa Kitui, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa simu, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza redio za mkononi za vikosi vya chanjo. Hakuniambia karibu. Alichomoa betri moja kwenye chaja, akaiweka mezani, akaniambia niiguse kwa upande wa ndani wa mkono, pale mganga anapopima mapigo ya moyo.

"Iko namna gani?" akaniuliza.

"Ina joto."

"Joto kiasi gani?"

"Joto sana."

"Hapa Garissa kila kitu kina joto sana. Hata kiti unachotaka kukalia kina joto sana. Kwa hivyo bado hujajibu."

Kisha akatoa mfukoni betri nyingine ya aina ileile, ambayo haikuwa imechajiwa, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Akaniambia niziguse zote mbili, moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa na joto kuliko ya pili, tofauti ndogo kama ya paji la uso la mtoto mzima na la mtoto anayeanza homa. "Hii ya pili ni shahidi," akasema. "Haifanyi kazi yoyote, inakaa tu chumbani inakula joto la Garissa kama sisi. Ile ya kwanza ikimzidi shahidi, ujue imeshiba. Toa." Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na saa ilikuwa bado mbili na nusu asubuhi.

Sababu yake niliijua baadaye. Betri ya nikeli inapopokea moto huwa imetulia, na joto lake halipandi sana. Ikijaa, haina pa kuweka tena, na kila unachoendelea kuisukumia kinageuka joto. Volti nazo hupanda polepole, zinafika kileleni, halafu zinashuka kidogo sana. Chaja za siku hizi huvizia mshuko huo ili zijizime. Fundi Mutua alikuwa akiuvizia kwa mkono wake na shahidi wake, na katika miaka saba niliyokaa naye sikuona akikosea zaidi ya mara mbili. Mara ya pili alilaumu malaria.

Hesabu ya kuchaji polepole ni hii, na hapa ndipo mngeweza kukata kwa mkasi na kubandika. Soma namba kubwa iliyoandikwa kwenye ngozi ya betri. Igawanye kwa kumi. Kama imeandikwa elfu mbili, peleka mkondo wa umeme wa mia mbili, kwa saa kumi na nne. Mtaniuliza mbona si saa kumi, na mimi pia niliuliza. Ni kwamba betri haimezi yote unayoipa. Ni kama mtoto anayelishwa uji, mwingine unaishia kwenye nguo. Hizo saa nne za ziada ni za nguo.

Betri za nikeli za zamani, zile zilizokuwa na kadmiamu ndani, zilikuwa na tabia yao. Ukizichaji kila siku kabla hazijaisha, zinazoea, na siku moja zinakataa kutoa zaidi ya kile kidogo ulichozizoesha. Kwa hivyo mara moja kwa mwezi tulizimaliza kwanza. Fundi Mutua alikuwa ametengeneza ubao wenye balbu kumi za tochi, kila balbu na nafasi ya betri yake. Unapachika, balbu zinawaka, unasubiri zififie. Mita ikionyesha volti moja kwa kila betri, unatoa. Usiache mpaka sufuri, maana hapo unaiua. Wageni waliopita wakiona balbu kumi zinawaka saa sita mchana kwenye jua la Garissa walituonea huruma, na wengine walitusalimia kwa sauti ya polepole.

Baadaye zikaja zile za nikeli za aina mpya, ndizo hizo zilizoko kabatini. Hizi zinabeba moto mwingi zaidi, hazitaki kumalizwa kila mara, lakini ni nyepesi kuumia. Ukizishibisha kupita kiasi zinavimba roho na kufa mapema. Pia zinavuja: ukizichaji na kuziacha kabatini katika joto letu, baada ya mwezi utakuta zimepungua sana ingawa hakuna aliyezigusa. Msimlaumu mlinzi. Mimi nilimlaumu mlinzi kwa miezi miwili, na ilibidi nimpelekee mbuzi.

Pamoja nazo ilikuja chaja ya kujiendesha yenyewe, yenye taa nyekundu na taa ya kijani. Nilifurahi kama niliyenunuliwa gari. Nikachomeka betri nne saa nane mchana, na baada ya dakika tisa taa ikawa ya kijani. Nikamkimbilia Fundi Mutua.

"Dakika tisa!"

"Dakika tisa hata chai haijachemka," akasema, bila kuinua kichwa. "Nenda uguse."

Nikagusa. Betri na shahidi walikuwa sawasawa. Kumbe ile chaja ilikuwa na kipima joto ndani yake, na saa nane mchana katika chumba chetu kilihisi joto, kikaamua betri zimeshiba. Ilitengenezwa na watu wenye baridi. Tangu siku hiyo chaja tuliiwasha mara tu baada ya swala ya alfajiri, dirishani tukining'iniza gunia bichi ili upepo upite kwenye maji kwanza, na saa nne kamili kazi ilikuwa imekwisha. Ninyi mna chumba chenye kiyoyozi, lakini umeme ukikatika, gunia liko nyuma ya mlango.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilikuwa na miguu miwili. Mzee mmoja wa Kotile alituletea betri nane za tochi za walinzi wa josho, zote zina alama za meno. Alikuwa amefundishwa utotoni kwamba mawe ya redio yakifa unayang'ata, unayaanika juani, nayo yanafufuka kidogo. Kwa mawe ya kawaida, yale ya kutupa, hilo lina ukweli wake. Kwa haya ya kuchaji ni kuyatesa. Fundi Mutua alizigeuzageuza, akazihesabu alama, akasema, "Huyu mzee ana meno mazuri sana kwa umri wake," akaziweka kwenye sanduku la kuzikwa. Dereva wetu mmoja naye aliunganisha betri za redio moja kwa moja na betri ya gari kwa waya, ili zijae haraka. Zilijaa haraka. Kisha zikapasuka haraka, na kiti cha abiria kikaungua tundu la ukubwa wa sahani. Kwenye ripoti aliandika kwamba kiti kiliharibiwa na jua.

Nyumbani hakuna aliyeelewa kazi yangu. Mama yangu alipoulizwa na wanawake wa Galbet binti yake anafanya nini ofisini, alisema ninaandika barua. Nilipomwambia aseme ukweli, kwamba ninachaji betri, akaniuliza kama baba wa mchumba wangu anajua.

Fundi Mutua alistaafu akaniachia mita, ubao wa balbu na shahidi. Muda si mrefu tukaletewa daktari mpya wa mifugo wa kutuongoza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na kila redio iliponyamaza porini aliona sababu ni mimi. Siku moja akaniita, tena kwa upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Saadia, tuna safari ya chanjo Tarbaj, siku kumi. Nenda na redio zako. Zikikaa hewani, meza ni yako. Zikinyamaza, utahamia masijala kupiga barua mihuri, na hii kazi nitampa mtu wa Nairobi mwenye vifaa vya kisasa."

Nilisema sawa, Daktari. Nikatoka, nikaingia stoo ya dawa za kupe, nikalia. Niliipenda ile meza. Nilijua kila alama ya moto iliyokuwa juu yake, na nyingine nilizichoma mimi. Sikutaka kuzeeka nikipiga mihuri.

Tarbaj tulikuwa na vikosi sita, kila kikosi cha ukoo wake, kwa sababu mfugaji huleta mifugo wake kwa watu anaowajua. Gari la chanjo lilikuwa moja tu, na lilikwenda kule redio inakoliita. Bila redio, gari halijui mifugo wako kisima gani, na barafu ndani ya sanduku haingoji mtu. Kila redio ilikula betri nne. Nilikuwa na betri ishirini na nne: kumi na mbili mpya kabisa, na kumi na mbili zilizochoka. Nilizipima moja moja, nikaziandika namba kwa kalamu nene, nikazipanga. Zile mpya niliziweka katika redio tatu za vikosi vinavyokwenda mbali, maana hizo lazima zidumu mpaka jioni. Zile zilizochoka nilizipa redio tatu za karibu na kambi, ambako kazi huisha kabla ya adhuhuri.

Mkuu wa kamati ya wafugaji alikuwa Guhad, ambaye wote tulimwita Adeer, yaani ami, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina na ndala za plastiki, na jicho linaloona mbuzi wa mtu mwingine kutoka kilima cha pili. Hakuwa mpole hata kidogo, na kwa ulimi wake wa Kisomali p ilitoka b na v ilitoka f. Alisimama mbele ya meza yangu ya kukunja, akazitazama redio sita zote.

"Wewe msichana. Betri mbya nani nabata?"

"Adeer, wanaokwenda mbali."

"Na zee?"

"Wanaobaki karibu."

"Haye," akasema, akaenda zake.

Nilidhani ile "haye" yake ilikuwa ya kukubali. Kumbe ilikuwa ya kuahirisha. Nilipokwenda kuswali adhuhuri na kula, kamati ikakutana. Katibu wao, Bishar, mtu mwangalifu aliyetembea na kalamu mbili, alizifungua redio zote sita kwa bisibisi yangu mwenyewe. Akatandika mkeka, akapanga betri mpya upande mmoja na za zamani upande mwingine, akazigawa kama wanavyogawa nyama ya ngamia: kila fungu nono mbili na kavu mbili, na mgawaji akachukua fungu lake mwisho ili asishukiwe. Wakasoma Fatiha. Wakafunga redio, wakaziweka pale pale nilipoziacha, na kila ukoo ukaridhika. Katika ugawaji wao hakukuwa na kosa hata moja.

Asubuhi yake redio zote sita ziliita, na Daktari akatabasamu. Saa sita kasoro zikaanza kunyamaza. Kwanza moja, nikasema ni kilima. Kisha mbili, nikasema ni vilima. Kufikia adhuhuri zote sita zilikuwa kimya, na nilikuwa nimeishiwa na vilima. Gari lilikuwa limetumwa kisima cha mashariki, mifugo wakahamia cha magharibi, na hakuna aliyeweza kuliambia. Lilirudi alasiri, barafu imekuwa maji, na chanjo ya nusu siku tukaimwaga. Daktari hakufoka.

"Kesho kutwa, saa tano asubuhi," akasema. "Nitaita redio zote sita. Ikikosa moja, Saadia, unafunga mizigo."

Nilifungua redio ya kwanza. Nikaona namba tatu, saba, kumi na tisa, ishirini na mbili. Sikuwa nimezipanga hivyo. Nikaiwasha, nikapima kila betri wakati redio inajaribu kufanya kazi. Zile mbili mpya zilikuwa na moto wake. Zile mbili za zamani, mita ilionyesha alama ya kutoa mbele ya namba.  Betri nne ndani ya redio husimama mstari mmoja, na mkondo uleule hupita kwa zote. Aliyechoka akiisha, wenye nguvu hawamngoji. Wanaendelea kumsukumia mkondo mpaka wanampindua, chanya yake ikawa hasi. Redio inakufa, na yule aliyechoka anaumia vibaya, huku wale wapya bado wana nguvu nusu tumboni na hazimsaidii mtu.

"Nani amefungua redio zangu?" nilipiga kelele mpaka mbuzi wakageuka.

Bishar akaja akitabasamu, kalamu zake zote mbili mfukoni. "Sisi, abaayo, dada yetu. Tumegawa fizuri kabisa. Hakuna mtu hata moja amelalamika."

"Redio zimelalamika, Bishar! Zote sita!"

Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu sasa ni hakimu wa baraza na wajukuu wake wanasoma. Akamwita Adeer Guhad. Mzee akaja, akakaa juu ya debe langu la maji bila kukaribishwa, akangoja nimalize.

Nilikuwa na Kiswahili cha shule, Kisomali cha mama yangu, na hasira, na katika vyote vitatu sikuwa na neno la mkondo. Nikajaribu njia nyingine.

"Adeer, mkihama, ngamia mnawafunga kamba moja, mkia kwa kichwa. Si ndiyo?"

"Haa."

"Unamfunga mgonjwa katikati ya wazima?"

"Habana!" Aliniangalia kama niliyetukana. "Mgonjwa natembea yake, bolebole. Ukifunga na mzima, mzima nafuta yeye mbaka naanguka. Nakufa. Na msafara yote nasimama."

"Basi hivyo ndivyo mlivyofunga betri zangu."

 Akachukua moja ya betri, akaitazama, akamtazama Bishar, ambaye alianza kutazama ndala zake. Kisha akanigeukia mimi.

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilisema, adeer! Nilisema mbali na karibu!"

"Mbali na karibu ni maneno ya ofisi," akasema. "Ungesema ngamia."

Wallahi, tangu siku hiyo nasema ngamia. Lakini tatizo lake lilikuwa palepale. Hata kama wagonjwa watembee peke yao, ni ukoo gani utakaokubali kupewa wagonjwa mbele ya watu? Nikamuuliza kisimani nani ananywesha kwanza. Akasema zamu, tena kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Nikamwambia basi na hapa iwe zamu: koo tatu zitachukua seti mpya na kwenda mbali siku ya kwanza, siku ya pili zitakabidhi kwa koo tatu nyingine na zenyewe kubaki karibu. Seti hazifunguliwi, hazichanganywi. Kamati ilikaa saa mbili juu ya hilo, nami nikiwaonyesha saa yangu kila dakika kumi. Mwisho wakala kiapo, mmoja mmoja, mkono juu ya redio. Adeer Guhad, ambaye ukoo wake ulipata seti mpya siku ya kwanza, aliapa kwa sauti kuliko wote kwamba atairudisha kama alivyoichukua. Mimi nilikuwa natafuta bisibisi, sikutilia maanani.

Zikabaki betri zenyewe. Nilizitenga upya kwa namba. Zile zilizochoka nilizimalizia moja moja kwenye ubao wa balbu, kila moja peke yake asije mwenzake akamsukuma tena, na watu wa Tarbaj wakapita wakiniuliza kwa nini namulika jua. Kisha nikazichaji kwa mkondo mdogo, saa kumi na nne, chini ya turubai lenye gunia bichi, shahidi pembeni. Nikazimaliza tena, nikazichaji tena. Betri mbili hazikurudi kabisa. Nikatoa mbili kwenye tochi yangu, ambazo kwa bahati zilikuwa za umri uleule na uchovu uleule. Ile siku na nusu sikula chochote cha maana, na nilisema na jenereta maneno ambayo mke husema na mume.

Kesho kutwa ikafika. Vikosi viliondoka asubuhi, na saa tano kamili Daktari akasimama karibu na redio kubwa ya kambi, daftari mkononi.

"Kikosi cha kwanza."

"Kikosi cha kwanza nasikia, Daktari!" Sauti ilikuwa safi mpaka mbwa wa kule alisikika.

Cha pili kikaitika. Cha tatu, cha nne, cha tano. Kila mmoja alipoitika Bishar alisema alhamdulillahi kando yangu, nami nikahesabu kwa vidole.

"Kikosi cha sita."

Kimya.

"Kikosi cha sita. Mzee Guhad."

Kimya. Daktari aliita mara tatu, kisha akaita mara tatu tena, na mara ya mwisho aliitazama redio, hakunitazama mimi, na hilo lilinikata maini zaidi. Akaandika kitu kwenye daftari. Nilikuwa nimeipima ile seti kwa mkono wangu. Nilikuwa na hakika nayo kuliko nilivyo na hakika na meno yangu. Lakini hakika haisikiki hewani. Nikaingia kwenye hema, nikaanza kuufunga ubao wa balbu kwa shuka, na machozi yalinitoka sikuyaficha. Bishar alisimama mlangoni akarudia mara nyingi, "Bole, abaayo. Bole sana." Dakika arubaini zikapita hivyo.

Ndipo tukasikia pikipiki.

Ilikuja kwa mwendo wa hatari, vumbi nyuma yake kama lori zima, na juu yake, nyuma ya dereva, amekaa Adeer Guhad, ndevu zake nyekundu zimegeuka rangi ya barabara. Mkono mmoja alimshika dereva. Kwa mkono mwingine alikumbatia kitu kifuani, kimeviringwa kwenye kilemba chake, na kichwa chake mwenyewe kikawa wazi juani. Akashuka, akajikung'uta, akamwendea Daktari moja kwa moja.

"Asalaam aleikum. Ulisema saa tano utaita. Nimekuja kuitika."

Daktari alimtazama. "Mzee, kuitika ni kwa redio. Redio iko wapi?"

Adeer Guhad akafungua kilemba polepole, kunjo kwa kunjo, na ndani yake ikatokea redio, imefutwa mpaka inang'aa.

"Imekufa?" Daktari akauliza.

"Kufa nini! Nimezima. Tangu asubuhi nimezima. Mimi iko na zamu leo, kesho iko ya ukoo ya Bishar. Nimeaba mbele ya Mungu kurudisha kama nimechukua. Nikiongea, naisha kidogo. Nitamwambia nini Bishar kesho? Kwamba nimekunywa maji yake?" Akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimetoka hemani na shuka mkononi. "Mifugo ni zima, mia mbili na kumi imechanjwa na dawa tumebeba asubuhi, gari ije kisima ya mwisho kabla adhuhuri. Nimekodi bikibiki kuja kusema."

Daktari aliipokea ile redio, akaigeuza kitufe. Ikalipuka kwa nguvu zake zote, na sauti ya kikosi cha tatu ikajaza kambi nzima ikiuliza kama kuna mtu amemwona Mzee Guhad.

"Zima! Zima!" Adeer Guhad akapiga kelele, akiinyoosha mikono yote miwili. "Hiyo ni ya watu!"

Daktari akazima, akamrudishia. Alisimama pale muda, mabega yakimtikisika, na sikujua kama ni hasira mpaka alipolazimika kuvua miwani na kufuta macho. Kisha akachukua daftari, akafuta kwa mstari kile alichokuwa ameandika, akaandika upya, na badala ya kuniambia neno akanigeuzia ukurasa nisome mwenyewe.

Alikuwa ameandika: "Redio sita, zote nzima. Moja haikusema, kwa heshima. Fundi abaki."

Niliusoma mara tatu. Kisha nikamwomba Adeer Guhad ile redio niichaji, akaniangalia kwanza, akataka niape kuirudisha kama nilivyoichukua, nikaapa, akanipa.